SAA ILIYOKAWIA SIKU KUMI
Hesabu ya kalendari ya Papa Gregori XIII

Kila misioni iko na saa yake, na kila saa iko na tabia yake. Moja inatangulia, nyingine inakawia. Katekista anayepiga kengele anaijua saa yake kama mchungaji anavyojua mbuzi zake; anajua ya kama kila asubuhi sharti ausukume mshale mbele kidogo, kusudi watu wasichelewe Misa. Saa inayokawia si haya, ikiwa tunajua inakawia kadiri gani. Haya ni kukawia pasipo kujua, ao kujua na kunyamaza.

Katika kurasa hizi tunataka kusimulia habari ya saa moja kubwa ambayo Eklezya yote iliifuata, nayo ikakawia pole pole, miaka zaidi ya elfu moja, hata ikafika siku kumi nzima. Saa ile ni kalendari. Waseminari wengi wanaijua habari hii kwa mstari mmoja tu: Papa Gregori XIII aliondoa siku kumi mwaka 1582. Mstari ule ni kweli. Lakini hauelezi kwa nini kumi, wala si tisa ao kumi na tatu. Hauelezi kwa nini mwaka 1900 haukuwa na siku 366, na mwaka 2000 ulikuwa nazo. Hauelezi kwa nini ndugu zetu Waorthodoksi, hata wale walio kwetu Katanga na Kinshasa, mara nyingi wanaadhimisha Pasaka siku nyingine. Kusudi tuelewe, tunahitaji hesabu. Lakini hesabu ya mtoto wa masomo ya kwanza yatosha: kuongeza, kutoa, kuzidisha, kugawanya.

I. Mafumbo mawili ya saa

Tuanze na fumbo jepesi. Saa ya ukuta inakawia dakika 4 kila siku. Siku ya Mungu, katikati ya mchana, tumeipatanisha na redio. Kisha hatuigusi tena. Lini itaonyesha tena saa ya kweli?

Wengine wanajibu upesi: «Haitaonyesha kamwe.» Si hivyo. Mishale inazunguka saa 12, kisha inaanza upya. Basi, saa yetu ikiisha kukawia saa 12 nzima, mishale iko tena pahali pa haki. Saa 12 ni dakika 720. Tugawanye 720 kwa 4, tunapata 180. Baada ya siku 180, katikati ya mchana, saa ile mbovu itasema kweli. Kesho yake itaanza tena kusema uwongo.

Fumbo la pili ni gumu zaidi. Saa ya mkono ya padri inatembea dakika 57 tu katika saa moja ya kweli. Ameipatanisha asubuhi, alipotoka misioni kwenda kuzunguka vijiji. Sasa inaonyesha ya kama zimepita saa 9 na dakika 30. Kwa kweli zimepita ngapi?

Mseminari anayefanya haraka anasema hivi: «Inapoteza dakika 3 kila saa. Saa 9 na nusu mara 3 ni dakika 28 na nusu. Naongeza. Jibu ni saa 9, dakika 58 na nusu.» Amekosa. Tufanye pole pole. Saa 9 na dakika 30 ni dakika 570. Kila dakika 57 za saa hii ni saa moja ya kweli. Tugawanye 570 kwa 57, tunapata 10. Zimepita saa kumi kamili.

Dakika moja na nusu imepotelea wapi? Tuangalie vizuri, maana hapa ndipo penye fundisho. Yule ndugu alitaka kuponya saa, lakini zile saa 9 na nusu alizihesabu kwa saa ile ile gonjwa. Alimpima mgonjwa kwa kipimo cha mgonjwa. Tushike basi kanuni hii, itatusaidia hata mwisho: saa mbovu haiwezi kujipima yenyewe; sharti tutafute kipimo cha nje.

II. Saa ya Kaisari

Zamani kule Roma, kalendari ilikuwa mikononi mwa makuhani wa kipagani. Waliongeza mwezi mzima walipoona vema, na mara nyingine waliuongeza ao kuuzuia kwa kupendeza wakubwa. Miezi ikaachana kabisa na majira. Julius Caesar akataka kumaliza fujo ile. Akachukua shauri kwa Sosigenes, mtaalamu wa Aleksandria katika Misri. Mwaka 46 mbele ya Kristu ulifanywa kuwa na siku 445, kusudi miezi irudi pahali pake. Na tangu mwaka 45 hesabu mpya ikaanza: miaka mitatu ya siku 365, na wa ine wa siku 366. Mwaka huo wa ine tutauita mwaka mrefu.

Mara tu Caesar alipokufa, makuhani wakakosa. Waliambiwa «kila mwaka wa ine», nao wakahesabu kwa desturi ya Waroma, ambao wanatia katika hesabu mwanzo na mwisho pia. Sisi tunaijua desturi hiyo: kwa hesabu ile tunakiri ya kama Bwana alifufuka «siku ya tatu», ijapokuwa toka siku ya tano jioni hata asubuhi ya siku ya Mungu hazipiti siku tatu nzima. Kwa namna hiyo makuhani wakatia mwaka mrefu kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka 36 wakaweka siku 12 pahali pa 9. Kaisari Augustus akaamuru miaka mirefu iachwe kwa muda, hata zile siku tatu ziishe.

Basi saa ya Kaisari ikatembea. Ilisema ya kama mwaka ni siku 365 na saa 6. Lakini jua halikuahidi hivyo. Mwaka wa jua, toka majira ya usawa hata majira ya usawa, ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45 hivi. Tutoe: inabaki dakika 11 na sekunde 15. Kalendari ilidhani mwaka ni mrefu kupita mwaka wa kweli. Kwa hiyo ilikawia nyuma ya jua.

Dakika 11 ni kitu gani katika mwaka mzima? Ni muda wa kusali makumi mawili ya rozari. Lakini tuhesabu. Dakika 11 na sekunde 15 ni sekunde 675. Siku moja iko na sekunde 86.400. Tugawanye 86.400 kwa 675, tunapata 128. Kila miaka 128, saa ya Kaisari inakawia siku moja nzima.

III. Pasaka na hesabu ya Afrika

Mkulima angeweza kuvumilia kosa lile. Yeye anaangalia mvua na udongo. Mfanya biashara vilevile. Eklezya haikuweza kuvumilia, kwa sababu ya Pasaka.

Konsilio la Nisea, mwaka 325, lilitaka Wakristu wote waadhimishe Pasaka siku moja. Eklezya ya Aleksandria ilisifiwa kwa elimu ya nyota, na Maaskofu wake walikuwa wakipeleka kila mwaka barua ya kutangaza siku ya Pasaka. Mtakatifu Athanasi mwenyewe aliandika barua za namna hii. Ni vema waseminari wa Afrika wakumbuke jambo hilo: hesabu ya Pasaka iliyoenea ulimwenguni ilitengenezwa katika inchi ya Afrika. Kanuni iliyoshikwa ni hii: Pasaka ni siku ya Mungu inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu siku ya usawa wa mchana na usiku. Na siku ya usawa iliandikwa kuwa siku ya 21 ya mwezi wa tatu.

Tuone hatari yake. Siku 21 iliandikwa katika kitabu, na jua liko mbinguni. Wakati wa Nisea viwili hivi vilipatana. Lakini saa ya Kaisari iliendelea kukawia, na usawa wa kweli ukatangulia kufika siku ya 20, kisha 19, kisha 18, wakati kitabu kinasema bado 21.

Tena kulikuwa saa ya pili, ile ya mwezi. Tangu zamani watu walijua ya kama katika miaka 19 miezi mwandamo ni 235, kisha inarudi karibu tarehe zile zile. Ndipo palipotoka «nambari ya dhahabu» ambayo mapadri wa zamani waliikuta mwanzoni mwa Breviari. Lakini miaka 19 ya Kaisari inapita miezi 235 ya kweli kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hata hiyo ni ndogo, lakini katika miaka 308 inakuwa siku moja. Basi Eklezya ilihesabu Pasaka kwa saa mbili, zote mbili zinakawia, na kila moja kwa mwendo wake.

IV. Waliosema mapema

Isidhaniwe ya kama watu hawakujua. Mwaka 725 Mtakatifu Beda, mmonaki wa Uingereza, aliandika kitabu kikubwa juu ya hesabu ya nyakati, na wamonaki wa Ulaya walijifunza humo. Kadiri elimu ilivyozidi, ndivyo kosa lilivyoonekana. Mwaka 1267 Roger Bacon, Mfransiskani, alimwandikia Papa Klementi IV kwa maneno makali. Alilalamika ya kama Wakristu wanaweza kula nyama wakati wa kweli wa Kwaresima, na ya kama wataalamu wasio Wakristu wanaliona kosa hili na kutucheka. Papa akafa mwaka uliofuata, na shauri likalala.

Nicholas wa Cusa, ambaye baadaye akawa Kardinali, alileta shauri la kutengeneza kalendari mbele ya Konsilio la Basel mwaka 1436. Lakini Konsilio lile lilikuwa likigombana na Papa Eugeni IV, na wanaogombana hawana nafasi ya kutengeneza saa. Papa Sisto IV akamwita Roma mtaalamu Regiomontanus. Naye akafa kule mwaka 1476, kazi haijakamilika. Konsilio la tano la Laterano, toka 1512 hata 1517, likauliza wataalamu wa inchi nyingi, hata Nicolaus Copernicus kule Poland. Yeye alisimulia baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1543, ya kama shauri liliachwa kwa sababu urefu wa mwaka na wa mwezi haujapimwa bado vya kutosha.

Tusiwahukumu upesi. Saa moja ya misioni, ukiisogeza, wanakasirika watu wachache. Saa ya Wakristu wote, ukiisogeza vibaya, Pasaka itaachana kati ya inchi na inchi, na dawa itakuwa mbaya kupita ugonjwa. Hata hivi sharti tukubali: toka barua ya Bacon hata dawa ilipotoka, ilipita miaka 315. Katika muda ule kosa liliongezeka zaidi ya siku mbili.

V. Mganga wa Calabria

Konsilio la Trento lilipofunga mwaka 1563, liliacha Misale na Breviari mikononi mwa Papa kusudi avitengeneze. Na kitabu cha sala hakiwezi kutengenezwa vizuri kama tarehe zake ni za uwongo. Gregori XIII, aliyechaguliwa mwaka 1572, akaweka watu wa kulichunguza jambo hili. Baadaye Kardinali Guglielmo Sirleto ndiye aliyewaongoza. Kati yao alikuwako Ignazio Danti, Mdominikani. Na Christopher Clavius, Myezuiti, mzaliwa wa Bamberg, mwalimu wa hesabu kule Roma. Hata Patriarka wa Siria Ignatius Nemet Allah, aliyeleta elimu ya mashariki.

Lakini aliyepata ufunguo wa fumbo hakuwa padri wala mwalimu mkubwa. Alikuwa Aloysius Lilius, mganga, mtu wa Calabria, kusini ya Italia. Alikufa mwaka 1576, kabla ya kuona matunda yake, na ndugu yake Antonio ndiye aliyeleta maandiko Roma. Mwaka 1577 kikapigwa chapa kitabu kifupi cha mashauri yale, kikapelekwa kwa wafalme na kwa shule kubwa, kusudi kila mwenye elimu aseme neno lake.

Dawa ya Lilius ilikuwa na sehemu tatu.

Ya kwanza: kusogeza mshale. Kwa kalendari ya siku zile, jua lilifika usawa siku ya 11 ya mwezi wa tatu, na kitabu kilisema 21. Tutoe: siku kumi. Hapo tunajibu ulizo letu la mwanzo. Toka Nisea hata 1582 ni miaka 1257. Tugawanye kwa 128, tunapata 9 na sehemu kubwa ya siku ya kumi. Kama wangetaka kurudi hata siku za Kaisari, miaka 1626, wangeondoa karibu 13. Lakini Eklezya haikutafuta heshima ya Kaisari. Ilitafuta Pasaka ya Nisea, nayo ilidai kumi.

Ya pili: kurekebisha mwendo. Ukisogeza mshale tu na kuacha mashini kama ilivyokuwa, kosa litarudi. Wataalamu wale walishika jedwali za mfalme Alfonso wa Hispania, ambazo zinasema mwaka ni siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 16. Kwa hesabu ile saa ya Kaisari inakawia siku moja katika miaka 134, ni kusema karibu siku tatu kamili katika miaka 400. Basi dawa ikawa nyepesi, hata mtoto aweza kuishika: mwaka unaofunga karne usiwe mrefu, isipokuwa unagawanyika kwa 400. Miaka 1600 na 2000 ilikuwa mirefu. Miaka 1700, 1800 na 1900 haikuwa. Mwaka 2100 hautakuwa. Kwa namna hii tunaacha siku tatu kila miaka 400.

Ya tatu, nayo ni ya akili nyingi: saa ya mwezi. Mtu angeweza kudhani ya kama ukisogeza tarehe siku kumi, miezi mwandamo nayo isogee kumi. Lilius aliona ya kama jedwali la mwezi lilikuwa na kosa lake lenyewe, na kosa hilo linavuta upande mwingine. Akatoa siku tatu kwa ajili ya mwezi: kumi toa tatu, saba. Kisha akaweka hesabu ya epakta, yaani umri wa mwezi mwanzoni mwa mwaka, ambayo inashuka moja kila mara karne inapoacha siku yake, na inapanda moja mara nane katika miaka 2500. 2500 gawanya kwa 8 ni 312 na nusu. Karibu sana na ile 308 tuliyoitaja. Saa mbili zenye mwendo mbalimbali zikafungwa pamoja zitembee bila kuachana.

Na kipimo cha nje? Katika mnara wa Vatikano unaoitwa Mnara wa Pepo, Danti aliweka mstari sakafuni. Katikati ya mchana mwali wa jua unaingia kwa tundu ukutani na kuanguka katika mstari ule. Mwanzoni mwa majira mtu yeyote angeweza kuona kwa macho yake pahali mwali unapofika, na tarehe inayosemwa na kitabu. Jua lenyewe lilikuwa shahidi.

VI. Usiku mmoja mrefu

Wataalamu walikuwa wameleta njia mbili: kuondoa siku kumi mara moja, ao kuacha miaka mirefu kumi mfululizo, ni kusema muda wa miaka 40. Papa akachagua mara moja. Barua yake, Inter gravissimas, ilitoka mwezi wa pili mwaka 1582. Iliamuru ya kama kesho ya siku ya 4 ya mwezi wa kumi, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, itakuwa siku ya 15. Mwezi wa kumi ulichaguliwa kwa sababu sikukuu zake zilikuwa chache. Siku za juma hazikuguswa hata kidogo: siku ya 4 ilikuwa siku ya ine, na siku ya 15 ikawa siku ya tano. Mwendo wa siku za Mungu, tangu Ufufuko, haukukatika.

Jambo lingine linatupendeza katika barua ile. Papa hakusahau watu wadogo. Mwenye deni la kulipa mwisho wa mwezi ao wa mwaka angeibiwa siku kumi. Kwa hiyo waamuzi waliamriwa waongeze siku kumi katika muda wa malipo, kusudi mtu asiumizwe na elimu ya nyota.

Jioni ya siku ile ya 4, kule Alba de Tormes katika Hispania, alikufa Mtakatifu Tereza wa Avila. Akazikwa kesho yake, siku ya 15. Wanaosoma habari hiyo kwa mara ya kwanza wanadhani maiti yake ilingoja siku kumi na moja. Hapana, ilingoja usiku mmoja. Na kwa sababu hiyo twaadhimisha sikukuu yake tarehe 15 ya mwezi wa kumi.

VII. Hesabu ya kweli iliyokataliwa

Italia, Hispania, Portugal na Poland zilitii mara moja. Ufaransa ikafuata mwezi wa kumi na mbili: kesho ya siku ya 9 ikawa 20. Lakini wengine wakakataa. Waprotestanti wengi waliona heri kukawia na jua kuliko kutangulia na Papa. Katika mji wa Augsburg, ambamo Wakatoliki na Waprotestanti walikaa pamoja, mwaka 1584 ilitokea ghasia kwa ajili ya kalendari. Patriarka Yeremia II wa Konstantinopoli alikataa naye, maana kwake kugusa Pasaka bila Konsilio la wote ni kugusa Nisea.

Mseminari atauliza: si hesabu ilikuwa ya haki? Ndiyo, ilikuwa ya haki. Clavius alitumia miaka mingi kuitetea kwa vitabu, na hakuna aliyeweza kuivunja. Lakini watu hawakukataa ile 128 wala ile 400. Walikataa mkono uliowapa. Hapo tunajifunza jambo ambalo vitabu vya hesabu havifundishi: kweli ikiletwa kati ya watu waliokwisha kugombana, inabeba ugomvi wao mgongoni.

Na waliokawia walilipa zaidi. Waprotestanti wa Ujerumani walikubali mwaka 1700. Uingereza ilipokubali mwaka 1752 sharti iondoe siku 11, sababu mwaka 1700 ulikwisha kuongeza moja. Urusi ilipokubali mwaka 1918, iliondoa siku 13. Ndiyo maana mapinduzi yanayoitwa ya mwezi wa kumi, yaliyofanyika siku ya 25, yaliadhimishwa kule tarehe 7 ya mwezi wa kumi na moja. Sweden ilijaribu njia ya pole pole tangu mwaka 1700, ikasahau katikati ya safari, ikawa haipatani na mtu yeyote. Kusudi irudi nyuma, mwaka 1712 iliweka siku 30 katika mwezi wa pili, jambo ambalo ulimwengu haukuona mbele wala nyuma. Papa Gregori alifanya vema kuchagua usiku mmoja.

Hata sisi wa inchi hizi tunaweza kufanya zoezi. Mfalme wa Kongo Nzinga a Nkuwu alibatizwa kule Mbanza Kongo, leo katika Angola, tarehe 3 ya mwezi wa tano mwaka 1491. Tarehe ile ni ya saa ya Kaisari. Katika karne ile hesabu mbili ziliachana siku 9. Basi, kwa kalendari yetu ya leo, ubatizo wa mfalme ulikuwa siku ya 12. Anayeandika historia asisahau kuuliza: tarehe hii ni ya saa gani?

VIII. Je, saa yetu ni kamili?

La, si kamili. Kila miaka 400 saa ya Kaisari ingekawia siku 3 na moja ya nane. Sisi tunaondoa 3 tu. Inabaki moja ya nane ya siku, ni kusema saa 3. Saa 3 ni sekunde 10.800, tuzigawanye kwa miaka 400, tunapata sekunde 27 kila mwaka. Siku moja nzima itafika baada ya miaka 3200 hivi. Hata sasa tunakawia, lakini tunajua kadiri gani.

Jambo linalouma liko pengine. Mwaka 2024 tuliadhimisha Pasaka tarehe 31 ya mwezi wa tatu, na Waorthodoksi tarehe 5 ya mwezi wa tano: juma tano kati yetu na wao, kwa Bwana mmoja aliyefufuka mara moja. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nisea, hesabu mbili zilikutana kwa bahati, na Wakristu wote wakaimba Aleluya tarehe 20 ya mwezi wa ine. Ilikuwa kama lile fumbo la kwanza: saa mbili zenye mwendo mbalimbali zikaonyesha neno moja kwa siku moja, kisha zikaachana tena. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini kukutana kwa bahati si kupatana.

Konsilio la Vatikano la pili, mwaka 1963, lilitangaza ya kama halikatai Pasaka iwekwe katika siku ya Mungu moja iliyo thabiti, kama wenye kuhusika watakubali, hasa ndugu waliotengana na Kiti cha Mtume. Mwaka 1997, katika mkutano wa Aleppo, wajumbe wa Eklezya nyingi walishauri kuacha jedwali zote mbili na kupima usawa na mwezi kwa elimu ya nyota ya leo, kadiri ya Yeruzalemu. Angalieni: ni kanuni ile ile ya padri na saa yake ya mkono. Tusipime kwa saa yangu, wala kwa saa yako. Tutafute kipimo cha nje. Lakini hata leo haijafanyika.

Tumalize kwa neno moja la nyumbani. Siku ya Epifania, kadiri ya desturi ya zamani, siku ya Pasaka inatangazwa kanisani kwa wimbo baada ya Injili. Pengine tumeisikia pasipo kusikiliza, kwa kuwa tulidhani ni tarehe tu. Katika tarehe ile mna Aleksandria na Nisea, Beda katika monasteri, Bacon anayelalamika, mganga wa Calabria aliyekufa mapema, na mwali wa jua sakafuni. Mna vilevile nafasi tupu za ndugu ambao siku ile hawatakuwa pamoja nasi. Shemasi anayeimba tangazo lile aimbe pole pole. Na sisi tunaosikia tuwaombee.